Miaka Mitatu Darasa la Nne

Walisema sitatoka darasa la nne. Wala hawakunong'ona. Jirani yetu wa Mjimwema, Songea, fundi baiskeli ambaye benchi lake liligusana na ua wetu, alikuwa ananisubiri nipite na daftari langu ili awachekeshe wateja. "Huyu," alisema huku akisugua mpira kwa msasa, "mkimuuliza ana vidole vingapi, ataomba ruhusa kwanza akamuulize bibi yake." Waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha walicheka mpaka wakashika baiskeli zao zisianguke. Siku nyingine aliniita Mheshimiwa Diwani, kwa kuwa, alisema, nimekaa kwenye kiti kimoja muda mrefu kuliko diwani yeyote.

Basi rafiki yangu, nikuambie kwanza mimi ni nani leo, ndipo tuendelee. Nina diploma ya ujenzi, niliyoihangaikia mwenyewe Mbeya, na imetundikwa sebuleni kwangu mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Nimejenga zahanati mbili na vivuko vya barabara ambavyo malori ya mahindi yanavipita mpaka leo. Nyumba yangu ya Msamala ina vyumba vinne na baraza la kuzunguka, na kila tofali nililipigia hesabu mimi. Nikisimama mbele ya kiwanja kitupu nakutajia idadi ya matofali kabla fundi hajatoa tepu mfukoni. Sijisifu. Waulize mafundi.

Lakini mwezi uliopita mtu huyo huyo mwenye diploma alitishwa na mlango. Nilipewa kazi ya kubadilisha dari katika madarasa ya shule niliyosoma. Saa ya chakula mafundi walitoka, nikabaki peke yangu ndani nikipima kuta. Upepo wa mlima Matogoro ukapiga, mlango ukajifunga kwa kishindo nyuma yangu. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaufikia na kushika komeo kwa mikono miwili. Lilikuwa darasa la nne. Kichwa changu kilikuwa hakijatambua, ila mwili ulikuwa umekumbuka.

Darasa lenyewe lilikuwa hivi. Madirisha yalijengwa juu, yamezibwa na wavu wa chuma, hivi kwamba ukikaa ulichoona ni ncha za miti ya milingoti na kipande cha mlima. Tulikuwa wengi kuliko madawati. Mwezi wa Juni baridi ya Songea ilipanda kutoka kwenye sakafu ya saruji mpaka magotini, na tuliokaa watatu watatu tulishukuru kubanwa. Dawati langu lilikuwa la nyuma, pembeni, chini ya doa la maji darini. Mwaka wa kwanza miguu yangu ilining'inia. Mwaka wa pili ilifika chini. Mwaka wa tatu magoti yalikuwa yanagonga ubao kwa chini, na pembeni yangu walikuwa wamekaa watoto ambao niliwahi kuwafuta makamasi.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mama mrefu, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na utaratibu wake. Kipindi chake kilikuwa cha mwisho. Aliandika hesabu kumi ubaoni, kila mtu azisimamishe kwenye daftari, namba juu ya namba, mstari chini, na njia yote ionekane. "Jibu lisilo na njia nimeliona wapi?" aliuliza. "Limeanguka kutoka mbinguni?" Ukimaliza unapanga foleni mezani kwake. Ukipata zote unatoka, unakwenda nyumbani. Ukikosa unarudi kukaa, unaanza upya. Hakuna aliyetoka kwa huruma.

Nilizijua hatua zote za foleni ile. Niliona migongo ya wenzangu ikipungua mbele yangu, nikasikia alama ya vema ikichorwa kwa kalamu nyekundu, mkwaruzo mmoja mfupi, na miguu ikikimbia nje. Kisha zamu yangu, na mkwaruzo wa pili, mrefu, wa mkasi, alama ya kosa. Nilirudi kukaa. Nje mpira wa matambara ulianza kudunda. Nilisikia majina ya timu, nilisikia wakigombania nani awe kipa. Mwishowe tulibaki wawili, mimi na mwalimu, na harufu ya chaki, na mwalimu akafungua kibakuli chake cha kande akala bila kuniangalia.

Jambo lililomuudhi zaidi ni hili. Akiniuliza kwa mdomo, nilijibu sawasawa. "Ishirini na tatu ongeza kumi na nne?" Thelathini na saba, mwalimu, tena haraka kuliko kiranja wa darasa. "Haya, iandike." Nikaandika, nikasimamisha, nikapiga mstari, nikatoa arobaini na mbili. Mwalimu alitazama daftari, akanitazama mimi. Aliamini namfanyia kiburi. Nilichapwa kwa kiburi, si kwa ujinga, na nakuhakikishia fimbo ya kiburi ni nzito zaidi.

Utaniuliza, wewe mwenyewe hukuona kwamba thelathini na saba si arobaini na mbili? Niliona. Ila niliamini hesabu za mdomo ni kitu kimoja na hesabu za daftari ni kitu kingine, kama ilivyokuwa kwetu mtaani: wenzangu walikwenda kanisani wakapiga magoti kwa namna yao, mimi na bibi tulikuwa Waislamu, tulisali kwa namna yetu, na hakuna aliyeuliza kwa nini hazifanani. Nilidhani daftari lina dini yake ambayo mimi sijaingizwa.

Sasa nikupeleke nyumbani, kwa bibi, kwa maana shida yangu ilikuwa imelala pale, nami sikujua.

Bibi alikuwa Myao wa Nalasi, kule Tunduru. Aliletwa Songea na ndoa, babu akafariki, yeye akabaki, na mimi nikalelewa kwake kwa kuwa mama yangu alikuwa ameolewa mbali. Kila msimu mjomba, kaka yake mama, alituma magunia ya korosho kutoka shambani kwake Nalasi. Bibi alizikaanga uani juu ya bati lililotobolewa matundu. Mafuta ya maganda yaliposhika moto, moshi mweusi ulipanda mpaka majirani wakaanua nguo zao wakisonya. Kisha tulipaka majivu mikononi ili utomvu usituunguze, tukakaa mkekani kubangua, ganda moja baada ya jingine, ta, ta, ta, mpaka vidole vikawa kama vya mzee. Harufu ile siwezi kukueleza. Bado naisikia nikipita mahali mtu anachoma korosho, na mate yanajaa, na mgongo unauma.

Zilizobanguliwa tulizihesabu pamoja, kwa Kiyao. Kwa Kiyao ukipita tano, *msano*, hupewi jina jipya. Sita ni *msano na jimo*, tano na moja. Saba ni *msano na siwili*, tano na mbili. Unakwenda hivyo hadi tisa, *msano na mcheche*. Kwa hiyo bibi alihesabu kwa tano tano. Kila korosho tano zilipokamilika, alichukua punje moja ya mahindi akaiweka juu ya mkeka, kando, kama shahidi. Halafu alisema "msano", akanyamaza, akanitazama. Mimi nikatazama zilizobaki mkononi kwangu nikamalizia: "na jimo", au "na sitatu". Ulikuwa mchezo wetu. Nilikuwa na miaka mitatu au minne nilipouanza, na sikuwahi kukosea.

Baada ya kushindwa mara ya pili, mjomba alikuja mwenyewe na lori la korosho. Alikuwa mtu mpole, hakugomba. Alikunywa togwa, akanipapasa kichwa kwa kiganja chake kigumu, akamwambia bibi, "Mama, mwakani akishindwa tena, shule wenyewe hawatampokea. Nitamchukua. Jembe lake nimeshalitia mpini, saizi yake kabisa." Bibi akasema, "Akishindwa mara ya tatu, mchukue."

Nisikie vizuri. Sidharau jembe, na korosho za mjomba ndizo zilizonivisha. Lakini mimi nilitaka kuwa mtu wa kupima nyumba. Nilishawahi kuwaona wapimaji Msamala, na vigingi vyao na kamba zao nyekundu, na nilikuwa nimeshaamua. Mwaka mzima wa tatu niliubeba ule mpini kichwani. Nikilala nauona. Nikikaa darasani, wavu dirishani, magoti yakigonga ubao, naona kuna milango miwili tu: mmoja unafunguliwa na alama ya vema nyekundu, mwingine unatokea Nalasi.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mvua, ile mvua ya Machi ambayo Songea inanyesha kama imetumwa. Foleni ilikuwa imekwisha, nimebaki mimi kama kawaida. Mwalimu alifunga mkoba wake, akasimama mlangoni, akatazama uwanja uliogeuka ziwa, akarudi. Safari hii alikuwa amefungiwa yeye pia. Alitembea mbele nyuma, akapiga chafya, mwishowe akaja kukaa kwenye dawati langu, mama mzima, magoti yake yakigonga ubao kama yangu.

"Lete kalamu," alisema. "Leo huandiki wewe. Naandika mimi. Wewe nitajie kila hatua, nami nitakuwa mkono wako tu. Usiruke hata moja."

Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilinibidi nimsogelee na kupiga kelele sikioni mwake. Aliandika ishirini na tatu, chini yake kumi na nne.

"Tatu na nne," nikasema, "ni tano na mbili."

"Ni ngapi?"

"Tano na mbili, mwalimu! Mbili inakaa chini. Tano inakwenda juu, naiwekea moja."

Kalamu ilisimama. "Kwa nini moja?"

"Ndiyo punje yake."

"Punje ya nini, wewe mtoto?"

"Ya mahindi, mwalimu."

Hakucheka wala hakushika fimbo. Aliandika mbili, akaweka moja juu kama nilivyomwambia, akajumlisha mbili na moja na moja, akapata arobaini na mbili. Kisha akaandika kumi na mbili ongeza kumi na tatu. Nikamwambia mbili na tatu ni tano kamili, chini hakibaki kitu, andika sifuri, punje moja juu. Thelathini. Akafungua daftari langu la mwaka ule kuanzia mwanzo, ukurasa baada ya ukurasa, mikasi juu ya mikasi, huku midomo yake ikicheza. Popote ambapo namba hazikufika tano, nilikuwa nimepata. Popote zilipofika, nilikuwa nimekosa, na nilikosa kwa namna ile ile, bila kuyumba hata mara moja.

"Miaka mitatu," alisema. Sikumsikia kwa sababu ya mvua, nilimsoma midomo. "Mungu wangu. Miaka mitatu nakuchapa."

Alikusanya vipande vya chaki na vijiti vyote vilivyokuwa sakafuni, akavipanga kwenye dawati. "Hapa," alisema, "punje haiondoki kwenye tano. Tunasubiri. Sita, tunasubiri. Saba, tunasubiri. Mpaka kumi. Ikifika kumi ndipo moja inapanda." Nikahesabu. Ilikuwa kama kubana pumzi. Ilipofika tano mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe, akaushika. Tulifanya hivyo mpaka mvua ikakatika, na kwa mara ya kwanza nilipata hesabu kumi zote. Mkwaruzo ulikuwa mfupi.

Lakini kabla hajanifungulia mlango aliniuliza nani anahesabu hivyo nyumbani. Niliogopa kumtaja bibi, asije akaitwa ofisini. Alijibu mwenyewe. "Sikia, kijana. Mpaka mtihani upite, usihesabu na bibi yako. Hata korosho moja. Utavuruga tena."

Nilishika neno lake kama mgonjwa anavyoshika dawa. Jioni ile bibi alitandika mkeka, akaweka punje, akasema "msano", akanyamaza. Nilikuwa na korosho tatu mkononi. Nilimwambia koo linaniuma, siwezi kuongea. Alinipa pole, akachemsha maji ya tangawizi. Kesho yake koo likauma tena. Likauma mwezi mzima, likauma miezi. Bibi alinipa maji ya chumvi nisukutue, akanifunga kitambaa shingoni, akanipa asali ambayo hatukuwa nayo ya kutosha. Alihesabu peke yake, polepole, na mara nyingi alipotea akaanza upya, maana korosho nyingine zilikuwa mkononi kwangu na mimi sikusema zilikuwa ngapi. Jirani alichungulia juu ya ua. "Bibi, huyu sasa amekuwa bubu kabisa? Hesabu zimemla na ulimi?" Bibi akamwambia ashughulike na pancha zake.

Nilikaa pale, mdomo umefungwa, na nakwambia kweli, mlango wa darasa haukuwahi kunibana kama mkeka ule.

Mtihani ulikuja Novemba. Sikumbuki maswali, nakumbuka mkono wangu wa kushoto ukiushika wa kulia kila nilipofika tano. Matokeo yalisomwa mstarini, mwalimu mkuu juu ya ngazi na karatasi yake, sisi juani. Alisoma majina mengi, akavuta pumzi, akageuza karatasi. Mjomba alikuwa ameshafika tangu juzi, lori limeegeshwa karibu na kwetu, na mpini ule niliuona kwa macho yangu, mweupe, mpya, umelala nyuma ya kiti. Jina langu lilisomwa la nne kutoka mwisho. La nne kutoka mwisho, rafiki yangu, lakini lilisomwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama pembeni. Hakupiga makofi. Alitoa leso akafuta miwani.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa mkekani na mjomba kando yake. Hakuniuliza kitu. Aliweka punje, akasema "msano", akanitazama. Nilikuwa nahema. Niliona korosho mbili mbele yake, na kabla sijafikiri mdomo ukajibu kwa Kiswahili:

"Saba."

Akazisukuma korosho zile mbili upande wangu nizile. "Basi umefaulu," alisema. Mjomba alirudi Nalasi na mpini wake.

Yaliyobaki umeshayasikia, nimeyatundika sebuleni. Nilipokwenda Mbeya kusoma nilikwenda na vitu vya watu: sanduku la bati la jirani, koti la mjomba, mkebe wa bikari wa mwalimu, blanketi la bibi. Miaka mitano iliyopita niliporudi na gari langu, siku moja nilipita nyumba kwa nyumba nikawarejeshea wote, tena vipya na vizuri kuliko nilivyoazimwa. Jirani, mvi kichwa kizima, alilifungua sanduku jipya akalikagua kufuli. "Shikamoo, Mheshimiwa Diwani," aliniambia, yeye mzee, mimi kijana, na tukacheka sana. Mwalimu alikuwa amestaafu. Alipokea mkebe, akaniuliza hali ya bibi, akasema, "Nilimfuata usiku wa siku ile ile ya mvua, wewe umeshalala, viatu vimelowa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akaniambia hatakuuliza kitu."

Nilibaki nimesimama uani kwa mwalimu. Nikafikiria ile asali.

Kwa bibi nilifika mwisho, na mablanketi mawili. Siku hizi hayupo, na ua ule umejengwa fremu za maduka. Hakuna tena moshi mweusi Mjimwema, korosho zinakuja zimebanguliwa, zimefungwa kwenye plastiki. Lakini siku ile alikuwepo, amekuwa mdogo, mkekani pake. Kutoka nje ya ua nilisikia sauti yake ikihesabu, na nikasimama, kwa sababu ilikuwa inakwenda kwa shida kama ya mtoto: tano, sita, saba, nane. Hakuweka punje kwenye tano. Alikuwa anasubiri.

Nikaingia, nikamwamkia, nikakaa chini na suruali yangu ya kunyooshwa, nikachukua korosho inayofuata. Nilitaka kumrudishia chake na yeye.

"Msano na mcheche," nikasema.

"Tisa," bibi akanisahihisha. "Usinirudishe nyuma, nimejifunza kwa shida."